Alama Kumi na Saba Chini ya Rangi ya Kijani

Elerai

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya Jumatatu, nilifunua turubai nyuma ya Fuso nikakuta mashine ya randa imekuwa ya kijani.

Wengi mmeniuliza safari ya Kisumu ilikuwaje, na kila mmoja nimemjibu kipande. Sasa naandika yote kwa mpangilio, nikifuata daftari ambamo niliandika saa ya kila kituo. Habari za pasipoti na vibali naziruka. Zilikuwa ndefu na hazina funzo.

Nianze na mashine yenyewe. Ni meza ya chuma cha kusubu, ndefu kuliko mtu, yenye visu katikati. Ubao ukipita juu yake unatoka umenyooka. Kuna mbili za aina hiyo zilizokuja kwa meli moja, kwa sababu waliozinunua walikuwa ndugu wawili, Masingasinga, maseremala waliotoka Punjab kufuata kazi za reli. Mkubwa alibaki Kisumu. Mdogo alikuja kwetu Arusha kwa ajili ya miti ya mitarakwa ya mlima Meru, akafungua karakana Elerai, na sisi wote tulimwita Masta. Juu ya ndugu hao wawili na karakana zao mbili ndipo ulipojengwa huu urafiki wa miji mnaousikia. Mpango ulikuwa mashine yetu ikawekwe kando ya mwenzake kwa siku tatu, viongozi watie saini mbele yake, kisha irudi kazini.

Masta hakutoa cheti. Mwanafunzi alichagua alama yake siku ya kwanza, akaichora kwa chaki kwenye sanduku lake la zana. Siku alipotengeneza mlango unaofunga bila kugusa fremu, alipewa tindo na nyundo akaigonga alama ile ubavuni mwa meza ya mashine. Kule Kisumu ilikuwa hivyo hivyo. Aliyeondoka kabla ya kugonga alihesabiwa mtoro, na zana zake wenzake waligawana. Mashine yetu ina alama kumi na saba. Ya mwisho ni yangu. Ya kwanza ni mlima wenye nukta juu, nayo ni ya Mzee Kaaya wa Momela, aliyenifundisha kushika randa. Mimi nina darasa la saba. Mengine nimejisomea, lakini kuwa fundi sikujisomea, nilifundishwa na yeye.

Mzee Kaaya alianza kazi Kisumu, kwa yule ndugu mkubwa. Baba yake akafariki, akarudi Meru kuzika, na nauli ya kurejea hakuipata. Akamalizia kwa Masta, hapa hapa Elerai. Kisumu hawakujua. Kwa zaidi ya miaka sitini wamesema Mmeru yule alikimbia joto na mbu. Aliyeanzisha maneno hayo, fundi mwenzake aitwaye Odhiambo, bado yu hai, na ndiye aliyegawiwa skwea ya Mzee Kaaya, ile ya kupimia pembe.

Wiki moja kabla ya safari nilikwenda Momela kumuaga. Aliniambia, "Hotuba zao sizihitaji. Odhiambo mwonyeshe ule mlima. Atautambua. Alikuwa akiucheka kila asubuhi."

Basi siku ya Alhamisi kamati ya huo urafiki wa miji ilichukua mashine kwa ajili ya kile walichokiita usafi, na Jumatatu nikaiona kijani, ile kijani ya magari ya watalii. Nilipitisha kiganja ubavuni. Palikuwa laini kama kigae. Alama zote kumi na saba zilikuwa zimezibwa.

Nilikuja kujua ilivyotokea. Mama Preeti, mjukuu wa Masta na mwenye mashine, aliieleza kamati kwamba sherehe ya kutia saini ingeangukia siku inayofuata sikukuu ya Diwali, na siku hiyo mafundi wa jamii yake huziosha zana, huzipaka mafuta na kuziwekea maua, na hakuna anayewasha mashine. Mwenyekiti wa kamati alisikia kwamba zana zinapambwa. Akaipeleka kwenye gereji inayonyoosha bodi za magari ya mbugani. Fundi rangi wa pale, kazi yake tangu asubuhi hadi jioni ni kufuta mikwaruzo ya miiba. Akaona mikwaruzo kumi na saba. Akapiga puti ya kuzibia, akapiga msasa, akapiga spreya. Yeye simlaumu hata kidogo, kwani alifanya kazi nzuri.

Mwenyekiti alifika saa kumi na mbili kasoro tano, amevaa suti. Nilimwambia alama zimezibwa.

"Alama zipi, fundi? Ile mikwaruzo?"

"Zile ni sahihi za mafundi, Mheshimiwa."

"Tumelipia iondoke. Tunakwenda kuonyesha maendeleo, hatuendi kuonyesha vyuma chakavu."

Walikuwepo watu wa kamera, nikamwacha hapo. Nilirudi karakana nikachukua dumu la lita tano la thina, dawa ya kuyeyushia rangi, nikalisukumia chini ya kiti cha Fuso.

Namanga

Wajumbe kumi na wawili walipanda Koasta. Mimi nilikaa kwenye Fuso na dereva Shabani, ambaye babu yake alikuja Arusha akiendesha malori na ambaye haamini barabara yoyote asiyoipita mwenyewe. Tulipofika Longido Mama Preeti alishuka kwenye Koasta akaja kubanana na sisi. Alisema kule wanafanya mazoezi ya hotuba. Nilipomweleza habari ya puti alisema kwa sauti ndogo kwamba kosa ni lake, alitakiwa kusema kuosha na kuishia hapo.

"Mama, kosa si la aliyesema," Shabani alimjibu. "Ni la aliyesikia kwa pochi."

Mpakani tulifika saa mbili na nusu. Tuliondoka saa saba na nusu mchana. Saa hizo tano zililetwa na rangi. Karatasi zetu zilieleza mashine nyeusi, ya zamani, yenye kibao cha namba mguuni. Ofisa wa forodha aliizunguka mara mbili, akauliza ile nyeusi iko wapi. Mwenyekiti akamweleza habari ya urafiki wa miji. Ofisa akamsikiliza hadi mwisho, akauliza tena ile nyeusi iko wapi. Alikuwa na haki. Hata kibao cha namba kilikuwa kimefunikwa.

Wakati wakubwa wakipiga simu, sisi tulikula nyama ya mbuzi na ndizi za kuchoma kwenye kibanda cha mama mmoja wa Kimasai, ambaye alimuuzia Mama Preeti bangili tatu na kumpa ya nne kwa kumwonea huruma ya kusafiri na wanaume wasiojua karatasi zao. Saa sita na dakika arobaini nilichoka kungoja. Nilimwendea ofisa, nikamwomba ruhusa ya kukisafisha kibao. Akakubali. Nikalowesha kitambaa kwa thina, nikapangusa, na namba ikatokea, ileile ya kwenye karatasi. Ofisa akagonga muhuri.

Niligundua pia jambo jingine. Ukingoni mwa kibao palikuwa na puti kidogo, nayo iliyeyuka pamoja na rangi. Kuna puti ya kuchanganya na dawa ya kugandisha, ambayo ikikauka ni jiwe. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa ile nyekundu ya kopo, ya mikwaruzo midogo, nayo thina huirudisha kuwa uji.

Kwa bahati mbaya Mwenyekiti naye aliona. Aliniuliza dumu limebaki na kiasi gani, nikamwambia lita nne na nusu. Akasema ni hatari kusafiri na kitu cha kuwaka moto. Safari nzima ndiyo mara pekee niliyomsikia akiogopa ajali. Akanisimamia hadi nikampa fundi pikipiki mmoja dumu zima, bure. Fundi pikipiki aliniombea baraka kwa Mungu. Mwenyekiti aliitikia amina.

Kericho

Kutoka Namanga hadi Nakuru sina mengi. Tuliuzunguka mji wa Nairobi katika foleni ya saa mbili na dakika kumi, tukateremka Bonde la Ufa nyuma ya lori la saruji ambalo Shabani alikataa kulipita, tukala mahindi ya kuchoma, tukalala Nakuru. Koasta ilikuwa mbele muda wote. Kila tuliposimama niliona wamekwisha kula.

Asubuhi ya Jumanne mvua ilinyesha tangu Molo. Kabla ya kuingia Kericho Mama Preeti alipiga simu kwenye Koasta akawaambia wote wageuze kwenye hekalu la Masingasinga lililo njiani, kwa sababu pale kila apitaye hulishwa, awe nani. Tulivua viatu, tukafunga vitambaa vya rangi ya chungwa kichwani, tukaingia kwenye ukumbi wa kulia. Hauna meza. Watu wote wanakaa chini, kwa mistari, kwenye mikeka.

Mwenyekiti alibaki amesimama mlangoni. Nilimwona akizungumza na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyebeba ndoo ya dengu. Baadaye Mama Preeti alinisimulia. Mwenyekiti aliuliza wageni rasmi wanakaa wapi. Mzee akamwonyesha mkeka. Mwenyekiti akaeleza cheo chake. Mzee akampa sahani, akamwonyesha mkeka uleule. Ikawa kiongozi wa msafara wa Arusha amekaa chini, suti imemkunja magoti, kushoto kwake Shabani, kulia kwake mwanamke aliyevuna chai asubuhi ile na bado ana majani kwenye sweta.

Tulikula dengu, chapati, kabichi ya manjano, na wali mtamu wa maziwa. Shabani aliongezewa mara tatu akauliza ni shilingi ngapi. Walipomwambia si kitu, hakuridhika, alikwenda kuosha sahani hadi tukamwita. Mzee mwenye ndoo, nilikuja kuambiwa, ana malori zaidi ya ishirini barabarani.

Nilikaa pale nikafikiri kwa hasira iliyotulia. Ule ndio urithi ambao kamati yetu iliuandikia kurasa sita. Waliokuja na meli walikuja na desturi ya kukaa mkeka mmoja na kugonga alama kwenye chuma kimoja. Mtoto wa mwenye karakana na mtoto wa mkulima wa Meru waligonga ubavu uleule. Nasi tukalipa watu wazifute alama hizo ili tuwe na kitu cha kung'aa pichani.

Kisumu

Saa tisa na robo alasiri tuliingia karakana ya ndugu mkubwa. Joto lilikuwa kama Mzee Kaaya alivyolisema. Mashine yao ilikuwa chini ya bati, nyeusi, imepakwa mafuta, na ubavuni alama ishirini na mbili, zinasomeka zote. Tulishusha yetu kwa mnyororo tukaiweka mkabala. Zilionekana kama mtu na kinyago chake.

Mzee Odhiambo alikuwa amekaa kwenye benchi la kazi. Ni mtu mrefu, mkavu, ana miwani iliyofungwa kwa waya. Nilimwamkia shikamoo. Akacheka, akasema watu wa Tanzania wanapenda hiyo sana, kisha akaitikia vizuri. Nikamwambia ninatoka kwa Kaaya.

"Kaaya yule alikimbia mbu?"

"Hakukimbia, mzee. Alikwenda kuzika. Alimalizia kazi kwa Masta. Alama yake iko hapa."

Aliinuka, akaiendea mashine ya kijani. Alipitisha vidole ubavuni, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayepima ubao. Akarudi akakaa.

"Hapa hakuna alama ya mtu," alisema. "Mliniletea friji?"

Vijana wa karakana walicheka. Mimi nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii, lakini lile liliniingia. Mtu wa miaka themanini na nne yuko Momela anangoja jibu, na jibu lilikuwa pale, unene wa ukucha chini ya rangi, nami nasimama kama mwongo. Nilimwomba Mwenyekiti ruhusa mbele ya wote. Alinivuta pembeni akasema sherehe ni saa nne asubuhi, mashine isiguswe, na nikiendelea nitarudi Arusha kwa gharama yangu.

Siku ya zana

Nilikwenda dukani jioni ileile. Jumatano saa moja na dakika kumi asubuhi nilikuwa karakana, na lita tatu za thina, vitambaa vya pamba na mswaki.

Nilianzia mwisho, kwenye alama yangu, ili nikiharibu niharibu changu. Rangi ilikunjamana, ikatoka. Puti ilichelewa kidogo. Niliiwekea kitambaa kilicholowa, nikahesabu dakika nne, nikaisugua kwa mswaki, na herufi yangu ikatokea. Hapo nilijua inawezekana. Niliendelea kuelekea mwanzo. Mama Preeti alikuja saa mbili kasoro na maua ya manjano ndani ya kikapu. Aliweka kikapu chini, akakunja mikono ya nguo yake, akachukua kitambaa. Mzee Odhiambo alikuja akakaa kwenye benchi lake akatutazama.

Tulikuwa tumefikia alama ya sita, na ubavu wa mashine umebaki na mabaka kama ugonjwa, Mwenyekiti alipoingia. Ilikuwa saa mbili na nusu. Sitaandika yote aliyosema. Alisema nimeharibu mali ya mradi, nimeaibisha mji, na kwamba watu wa elimu yangu ndio wanaorudisha nchi nyuma. Mama Preeti alimwambia mashine ni yake. Akajibiwa kwamba kwa siku tatu iko chini ya kamati. Mwenyekiti akamwita kijana mmoja aniondolee thina.

Mzee Odhiambo aliinuka. Hakupandisha sauti.

"Bwana, leo ni siku gani?"

"Siku ya sherehe, mzee wangu."

"Leo ni siku ya kuosha zana. Hapa kwetu hatukuwahi kumzuia mtu kuosha, tangu enzi za mwenye karakana. Ukitaka kuzuia, zuia kesho." Akamgeukia yule kijana. "Wacha aoshe. Mletee maji ya moto na sabuni."

Kijana alimletea Mama Preeti maji. Mwenyekiti alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumuunga mkono, na wajumbe wenzake walikuwa wakisoma simu zao. Akatoka nje kumpigia mtu ambaye hakupokea.

Saa tatu na dakika ishirini na tano niliondoa kitambaa cha mwisho. Nilisugua, nikapangusa, nikasogea pembeni. Mlima. Nukta juu yake. Pigo la upande wa kushoto limezama zaidi, kama anavyopiga Mzee Kaaya hadi leo.

Mzee Odhiambo aliinama, akavua miwani, akaugusa kwa kidole gumba. Alikaa hivyo kwa muda, sikutazama saa. Kisha akauliza alimaliza lini. Nikamweleza: mwaka uleule aliozika. Mlango ule bado uko kwenye nyumba moja njia ya Momela, nimeufungua mwenyewe, haugusi.

"Mimi ndio nilisema alikimbia," alisema. "Hakuna mwingine."

Akatoka. Tulifikiri amekwenda kupumzika. Sherehe ilianza kwa kuchelewa dakika arobaini, hotuba zikasomwa mbele ya mashine yenye mabaka na mashada ya maua ya manjano, na wapiga picha, nilivyoona, hawakuipiga ile sehemu ya kijani hata mara moja. Walipiga alama. Walizipanga za kwetu na za kwao. Mwenyekiti alisimama katikati akatabasamu katika kila picha, na gazeti lililotoka baadaye lilimnukuu akieleza maana ya alama hizo.

Hotuba ya tatu ilikuwa ikiendelea Mzee Odhiambo aliporudi kutoka kwake. Alikuja moja kwa moja hadi nilipo, akaniwekea mkononi kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ilikuwa skwea, mpini wa mti mweusi umelainika kwa jasho la watu wawili, na kwenye mpini mlima wenye nukta.

"Nilipewa kwa sababu ni ya mtoro," alisema. "Kama si mtoro, si yangu. Mwambie nimeitumia vizuri."

Momela

Kurudi kulichukua siku mbili na hakukuwa na la ajabu, ila Mama Preeti alikaa kwenye Fuso mwanzo hadi mwisho, na Shabani alilipita lori moja.

Jumapili saa tano asubuhi nilifika kwa Mzee Kaaya. Nilimwamkia, nikampa picha kwanza: mlima wake, na kidole gumba cha Odhiambo juu yake. Aliitazama, akaniuliza kama Odhiambo amezeeka. Nikasema sana. Akaonekana kuridhika. Kisha nikampa skwea.

Aliifungua kwenye gazeti, akaishika kama mtu anayeshika mkono. Alikwenda mezani, akaibana ukingoni, akapiga mstari kwa penseli, akaigeuza upande wa pili, akapiga mstari mwingine palepale. Ndivyo alivyonifundisha kuipima. Mistari ikilala pamoja, skwea ni nzima. Mistari yake iliachana, si zaidi ya unene wa uzi.

"Imepotoka," alisema. "Odhiambo huyu nyumba za watu amezijenga namna gani?" Akacheka hadi ikabidi akae, akapangusa macho, akaomba nyundo ndogo ili ainyooshe.

Sasa kilichobaki. Juzi nimepokea barua ya kamati, imegongwa muhuri, inanitaka nilipe gharama ya rangi niliyoiharibu: shilingi laki tatu na nusu. Mama Preeti amesema nisijibu. Nimejibu. Nimewaandikia kwamba kazi ya kuirudisha mashine katika hali yake imefanyika, fundi hadai ufundi wake, nami nawaomba wanirudishie thamani ya vifaa peke yake. Risiti ya duka la Kisumu nimeiambatanisha: thina lita tatu, vitambaa na mswaki, kwa fedha ya kwetu shilingi elfu kumi na nane.